Wimbo wa Mama Idda na Ubongo wa Mashine

Ukitaka Silvesta akununie, mwite fundi wa kompyuta. Yeye alijiita mpanga herufi, na ndivyo alivyokuwa tangu ujana wake, alipokuwa akipanga herufi za risasi mojamoja katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha parokia yao, kijiji cha jirani na Uwemba. Alichapa kalenda, kadi za harusi, vyeti vya ubatizo na vitabu vya katekisimu. Mikono yake ilikuwa na weusi uliokwisha kuishinda sabuni, na siku alipokwenda Matamba kuposa, wakwe zake walidhani wameletewa mchoma mkaa.

Miaka ya ruksa ilipoingia, na bidhaa za kila namna zikapanda milima hadi Njombe, Bruda mmoja Mjerumani akaleta kompyuta kiwandani. Ilikuwa ya kampuni ya Marekani yenye nembo ya tunda, kijisanduku kisichozidi debe la mahindi. Bruda alimfundisha Silvesta mpaka akaridhika, kisha akarudi kwao kuzeeka. Tangu hapo hakuna mtu mwingine parokiani aliyethubutu kuigusa mashine ile, na Silvesta mwenyewe hakupenda iguswe.

Mama yake aliitwa Idda. Huyo ndiye aliyeanzisha kwaya ya kigango, na nyimbo zake za Kibena ziliimbwa hadi vigango vya mbali ambako watu hawakumjua hata kwa sura. Kusoma hakujua, kuandika hakujua. Alipopata habari kwamba mwanawe ana mashine inayoandika bila wino, alikuja kiwandani na kigoda chake kichwani, akakiweka chini, akakaa, akasema, "Haya, andika."

Basi ikawa hivyo kwa miaka. Siku akiwa na nafasi anakuja, anaimba mstari, anangoja, Silvesta anagonga herufi, anaimba mwingine. Nia yao ilikuwa kutoa kitabu kizima cha nyimbo, na kwa kuwa bei ya wino wa kuchapia iliuma, walikubaliana kwamba hakuna ukurasa utakaochapwa kabla kazi haijaisha. Wimbo wa mwisho aliouleta Mama Idda ulikuwa wa maziko yake mwenyewe. Kwaya aliifundisha ubeti wa kwanza tu, washike sauti. Walipomwomba na beti zilizobaki alikataa katakata. "Wimbo wa kaburi hauzoezwi ukaisha na mwenyewe anasikia," aliwaambia. "Siku ikifika, Silvesta atawapeni."

Silvesta aliuandika wote. Lakini mtu anayeandika kwa mashine, vidole ndivyo vinavyosikia. Kichwa kinabaki na mambo yake. Alipomaliza aliuhifadhi kwenye disketi pamoja na nyingine zote, akaziweka katika mkebe wa maziwa, akaona kazi imekamilika.

Lazima niseme pia kwamba alikuwa mkali wa lugha, na ukali huo hakuuacha kiwandani. Mkewe, Oktavia, alikuwa Mkinga wa Matamba. Kibena alikipata ukubwani, nacho kilitoka kinywani mwake kikiwa na Kikinga ndani yake. Sikukuu moja ya Noeli, nyumba imejaa wageni na pombe ya ulanzi imewapasha, wanakwaya wakaanzisha wimbo, naye Oktavia akaudaka kwa furaha. Watu wakacheka. Kicheko hakikuwa kibaya, ni kile cha nyumbani. Silvesta ndiye aliyemkazia macho mbele ya wote, akasema, "Mama Tarsis, nyamaza basi. Unatuharibia Kibena."

Oktavia alinyamaza. Akaenda jikoni kuongeza kuni, na Silvesta hakulikumbuka tena jambo hilo.

Masika ya mwaka 2004 radi ilipiga kiwanda. Paa lilisalimika, lakini mashine iliungua ndani ikanuka kama nywele kwenye moto. Silvesta alisikitika ila hakuogopa. Disketi zilikuwa nzima katika mkebe wake, na mwenye nyimbo alikuwa mzima nyumbani kwake, akipalilia njegere. Haukupita muda Mama Idda akaanguka shambani. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakamkimbia yote. Akitaka maji atasema "eee", akitaka blanketi atasema "eee", akitaka kulia atalia. Silvesta alimhamishia nyumbani kwake.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Wimbo wa maziko ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya disketi, na mwenye wimbo alikuwa kitandani.

Alizichukua disketi akapanda lori la mbao hadi Makambako, kwa Ussi. Huyu alikuwa Mpemba aliyehamia Makambako biashara zilipofunguliwa. Alianza na mitumba, akaenda kwenye redio, akaishia kuuza kompyuta zilizotumika na kukodisha mtandao, karibu na stendi. Mkewe Hamisa alikaanga chipsi mbele ya duka, kwa hiyo kila karatasi iliyotoka humo ilinuka mafuta. Ussi alizitia disketi katika mashine zake zote. Zote zilizikataa.

"Ndugu yangu, hizi kompyuta zangu za Pentiamu hazizijui disketi hizi," Ussi alisema. "Wataka mashine ya kampuni ile ile ya tunda. Tena yenye ubongo wa ukoo wa ile yako, maana ile programu aloacha Bruda ni ya zamani. Ubongo ukiwa mwingine, haifunguki."

Ubongo ndilo neno lao. Ussi alijua kusema prosesa, ila alisema prosesa haina ladha mdomoni. Ni kile kidude kidogo ndani ya mashine, wengine hukiita chipu, kinachofikiri kwa niaba yake, na kila kampuni huchagua cha nani kitumike. Kampuni ya tunda ilikuwa na ubongo wake, tofauti na Pentiamu, ule wa kompyuta nyingi za watu, na tetesi zilikuwa zimezagaa mtandaoni kwamba huenda ikauacha na kuhamia Pentiamu.

Tetesi hizo zikawa ugonjwa wa Silvesta. Kila lori la mbao likienda Makambako yeye yumo. Dukani kwa Ussi kulikuwa na baraza lake: Ussi mwenyewe, Mansoor mwenye malori, na yeyote aliyengoja basi. Ussi alisoma yaliyoandikwa huko Ulaya na Marekani, wao wakayachambua wanavyochambua ligi. Kuna waliosema kampuni itahama mwakani. Kuna waliosema itachukua ubongo wa mtu wa tatu asiyetajwa. Mansoor, ambaye kompyuta aliijua kwa kuipakia tu, alisema hakuna anayebadili injini kwenye gari linalotembea.

"Hizi habari nazisikia kila mwaka," Ussi alisema. "Wallahi hawahami. Ile kampuni kuvaa Pentiamu ni sawa na Simba kuingia uwanjani na jezi ya Yanga."

Siku moja Hamisa aliposikia mara ya kumi kwamba Wazungu wanabadili chipu, aliweka mwiko chini. "Chipsi zina kosa gani tena? Viazi vya Njombe hivi hivi ndo mnavyokula hapa kila siku." Baraza lilivunjika mbavu. Ila neno likishatoka hapo stendi halirudi; baadaye mkulima wa Kitandililo alimsimamisha Silvesta njiani, akamwuliza kwa unyenyekevu kama ni kweli kuna kampuni ya Marekani inabadili chipsi, na kama ni hivyo apande mbegu gani ya viazi. Silvesta hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa na swali la namna hiyo hiyo na hakuwa na wa kumwuliza.

Nyumbani, mambo yote ya Mama Idda yalikuwa mikononi mwa Oktavia. Alimlisha, alimgeuza, na kila asubuhi jua likishatoka alimbeba hadi bafuni, ule uzio wa mabanzi nyuma ya nyumba, akamwogesha kwa maji ya moto. Kwao mtoto wa kiume aliyekwisha kuoa hakai karibu mama yake anapoogeshwa, kwa hiyo Silvesta aliondoka mapema kwenda kiwandani, au alishuka hadi mwisho wa shamba mpaka wamalize. Jioni alikaa kidogo kando ya kitanda, akamshika mama yake mkono, akamwambia, "Vumilia, Mama. Nitaufungua." Mama Idda alisema "eee". Oktavia alipomwuliza hizo safari za Makambako ni za nini, alimjibu kwamba ni kazi ya parokia, mambo ya mashine, hatayaelewa.

Karibu na Pasaka ya mwaka 2005, Padre Agustino, paroko wao, alimwita.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele, amina. Kaa, Silvesta. Marafiki zetu wa Ujerumani wamekubali kutununulia mashine ya kampuni ile ile, badala ya iliyoungua. Wananiuliza: waitume hii iliyopo madukani sasa, au wangoje ya toleo jipya, mwakani? Ni moja tu. Na wale hukutana mara moja kwa mwaka, wakishaamua, wameamua. Wewe ndiye unayezijua. Utakalosema ndilo nitakalowaandikia."

Silvesta aliomba siku ya kufikiri, akaenda Makambako. Ya sasa ilikuwa na ubongo wa ukoo wa zamani, ingefungua disketi bila maswali. Ila ilikuwa mwishoni mwa zamu yake, na kiwanda kingebaki nayo miaka na miaka. Ile mpya, kama kampuni ingebaki na ubongo wake, ingefungua disketi na ingemfikisha Silvesta uzeeni. Kama ingehama, basi. Ussi aliapa tena kwamba haihami. Na kuna jambo jingine lililomvuta: wiki hiyo Mama Idda alikuwa ameanza kushika kijiko mwenyewe. Silvesta aliona muda upo. Sisemi alifanya ujinga. Mtu anayempenda mgonjwa huona nafuu hata pasipo na nafuu.

"Tungoje mpya, Padre," alisema.

Mwezi Juni, baridi imeshika na majani asubuhi yameganda umande mweupe, alifika Makambako akamkuta Ussi amesimama nje ya duka akimngoja. Hakumkaribisha wala hakumtania.

"Wamehama," alisema.

"Nani kasema?"

"Wenyewe. Wamepanda jukwaani mbele ya watu wakatangaza. Mwakani mashine zote mpya zatoka na ubongo wa kina Pentiamu. Nisamehe, ndugu yangu."

Silvesta alikaa kwenye benchi la wala chipsi. Hamisa alimletea chai, akakaa naye. Padre Agustino aliandika tena Ujerumani siku hiyo hiyo, akaomba wabadili. Walijibu kwa upole kwamba uamuzi ulikwisha kupita.

Hata hivyo tumaini ni kama magugu ya Njombe, ukiling'oa linaota pembeni. Ussi alisoma kwamba ndani ya mashine mpya kutawekwa mkalimani, kitu cha kuisomea programu ya ubongo wa zamani na kuitafsiri kwa ubongo mpya. Silvesta akashikilia hapo. Miezi yote iliyobaki aliuliza habari za mkalimani huyo kama mtu anayeulizia ndugu aliyeko safarini. Atajua Kibena? Hapana, Kibena hakimhusu. Ataweza programu ya Bruda? Wengine wasema ndiyo, wengine wasema labda. Mama Idda alikuwa amekwisha kukiacha kijiko.

Mashine ilifika baada ya Pasaka iliyofuata, nyembamba, nyeupe, nzuri hata Padre aliibariki kabla haijawashwa. Ussi alipanda mwenyewe kutoka Makambako na kifaa cha kusomea disketi. Disketi zilisomeka. Majina ya nyimbo yalionekana yote, moja chini ya jingine, na wimbo wa maziko ulikuwa wa mwisho. Silvesta aliubofya. Mashine ikamjibu kwamba programu iliyoandika kitu hicho haiwezi kufunguka humo. Akabofya tena. Ikajibu vile vile.

"Mkalimani yupo," Ussi alisema baada ya kuhangaika sana. "Ila huyu aelewa lugha ya baba. Programu yako yasema lugha ya babu." Akavua kofia, akaishika mkononi. "Nitakutafutia mashine kuukuu, hata Dar, hata Dubai. Nipe muda."

Muda haukuwepo. Mama Idda alifariki mwezi Juni, alfajiri, Oktavia akiwa amemshika kichwa. Watu walijaa hadi barabarani, na kwaya za vigango vyote alivyovipa nyimbo zilikuja. Kaburini, mwanakwaya aliyeshika nafasi yake alimtazama Silvesta, Silvesta akatikisa kichwa, naye akaanza ubeti wa kwanza kwa kuwa ndio waliokuwa nao. *Fungueni mlango, narudi kutoka kisimani.* Sauti ilipanda ikawatoa watu machozi. Walipofika mwisho wake wakaurudia. Wakaurudia tena. Halafu sauti zikakatika, moja baada ya nyingine, mpaka pakawa kimya na watu mia kadhaa wamesimama wakitazama chini. Silvesta aliinua uso akamtazama kila aliyekuwa karibu, mwanamke kwa mwanamke, mzee kwa mzee. Hakuna aliyeendelea. Padre Agustino alikohoa, akachukua udongo.

Aliumia. Sina neno jingine la kuweka hapo. Mama yake alikuwa ameomba kitu kimoja, nacho alikikabidhi kwake, si kwa mwingine.

Kesho yake asubuhi, wageni walipoanza kutawanyika, Oktavia alikwenda kijitoni kufua nguo na mablanketi ya marehemu. Alisahau sabuni. Silvesta, ambaye hakutaka kukaa na watu, aliichukua akamfuata. Ukungu ulikuwa haujanyanyuka. Alimsikia kabla ya kumwona: alikuwa anaimba, kwa sauti ya chini, ya mtu anayefua. *Fungueni mlango, narudi kutoka kisimani.* Silvesta alisimama, moyo ukimwuma upya. Ubeti uliisha, na Oktavia hakusimama. Aliendelea. Aliwaomba walio ndani wasogee, mgeni apate nafasi motoni. Aliwaita kwa majina waliotangulia. Kisha akaimba ubeti wa mwisho, wa yule aliyebaki nje: *Nawe usibishe hodi, mlango haukufungwa.* Kilikuwa Kibena chenye Kikinga ndani yake, na hakikukosa neno hata moja. Vidole vya Silvesta vilikumbuka kila herufi.

Oktavia aligeuka akamwona, akakatisha. "Nisamehe, Baba Tarsis. Sikujua kama upo."

"Wimbo huo umeupata wapi?"

"Wa Mama huu. Si wimbo wake wa kuogea? Kusema alishindwa, lakini nikimmwagia maji ya moto mgongoni alikuwa anaimba. Maneno yote yanatoka, sawasawa kabisa. Nikadhani ninyi mnajua."

"Anaimba wote?"

"Wote. Kila asubuhi. Hata wiki ile ya mwisho."

Silvesta alisogea hadi ukingoni mwa maji. "Mama Tarsis, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Wewe ulisema unahangaika na mashine ya parokia." Aliinama akaliokota blanketi lililotaka kwenda na maji. "Mimi kaburini ndipo nilipojua kumbe ni wimbo wa kuzikia. Walipokwama, kilichofuata nilikijua. Nikafungua na mdomo. Nikaona umenikazia macho."

"Nilikuwa natafuta mtu wa kuuendeleza."

Oktavia alilitia blanketi majini tena. "Mimi nikaona ni yale macho ya Noeli," alisema. "Nikafunga mdomo."

Maji yalikuwa yanapita, na juu kijijini mtu alikuwa anapasua kuni. Silvesta aliiweka sabuni juu ya jiwe. Alishuka ndani ya kijito na viatu vyake vya msibani, akashika upande wa pili wa blanketi.

"Imba," alisema.

"Kwa Kibena changu hiki?"

"Kwa hicho hicho."

Oktavia aliangalia kwanza njiani, kama kuna mtu anakuja. Kisha akaanza mwanzo, wakikamua blanketi pamoja.